Kuzibua mrija wa nyongo kwa endoskopi yenye ultrasaundi
Ndugu, umeuliza kama baba yako, ambaye saratani ya kongosho imeuziba mrija wake wa nyongo na jaribio la kuweka stenti (kijibomba cha kuuacha mrija wazi) kwa endoskopi ya kawaida, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, limeshindikana, akubali njia ya ultrasaundi. Naona inafaa kufikiriwa kwa uzito, kwa kuwa daktari, akiongozwa na picha zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti kutoka ndani ya tumbo la chakula au duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), huchoma sindano hadi kwenye mrija uliotanuka, kisha huweka stenti inayomwaga nyongo utumboni, na mgonjwa huepuka kubeba mfuko wa nje wa kukusanyia nyongo, ambao kwa mtu aliyedhoofika si jambo dogo. Nyongo inaweza kuvuja, au damu kutoka. Basi mwulizeni daktari ameifanya mara ngapi. Baba akipata homa na kutetemeka, msisubiri miadi.