Maswali yenu: simu ina chaji 80, mbona Ruby inasema nil?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Najifunza Ruby, hii lugha ya kuandikia programu, mwenyewe, huu mwezi wa pili sasa, vitu vya if na each na hesabu ndogondogo naviweza ila nikifika kwenye klasi, ile ramani ya kutengenezea vitu vya aina moja, nakwama. Nikisoma mfano wa mtu naelewa vizuri kabisa, nikifungua faili tupu niandike ya kwangu sijui nianzie wapi. Juzi nikajikaza nikaandika klasi ya simu, nikaipa chaji 80 na nikataka ipungue kila simu ikitumika, nikaambulia kosa hili: undefined method '-' for nil. Sasa hiyo nil imetoka wapi wakati mi nimeweka 80? Kodi yangu hii hapa.

class Simu
  attr_accessor :chaji

  def initialize(chaji)
    @chaji = chaji
  end

  def tumia(kiasi)
    chaji = chaji - kiasi
  end
end

JIBU: Ndugu yangu, 80 yako ipo palepale ulipoiweka, haijaguswa. Tatizo ni ule mstari ndani ya tumia. Ruby ikikuta jina tupu, lisilo na @, limefuatwa na alama ya sawasawa, inachukulia unatengeneza jina jipya la humohumo ndani ya methodi (kile kipande kinachoanza na def), na kwa kuwa jina hilo bado halijapewa kitu linakuwa limebeba nil, yaani hakuna kitu. Ikija upande wa kulia kufanya hesabu, chaji inayoiona ni hilohilo jina jipya, ile ya simu imeshafunikwa, kwa hiyo umeiambia itoe kiasi, tuseme 5, kwenye nil. Na kwenye Ruby kutoa nako ni methodi, andika 80.-(5) uone utapata 75 kama kawaida, namba inayo hiyo methodi lakini nil haina, ndo maana kosa limeandikwa vile.

Dawa ni @chaji = @chaji - kiasi, au kwa kifupi @chaji -= kiasi. Utaona wengine wanaandika self.chaji -= kiasi, nayo inafanya kazi maana self hapo ni simu yenyewe na umeshaipa attr_accessor, ila kwa sasa shika @ kwanza mpaka mkono uzoee.

Hapa usipaharakishe, ukipaelewa hapa klasi umeshazielewa kwa sehemu kubwa. Jina tupu linaishi ndani ya methodi tu, ikifika end limekwisha. Jina lenye @ linakaa ndani ya objekti, yaani simu mojamoja unayoitengeneza kwa Simu.new, na linabaki nayo muda wote objekti ikiwepo. Sahihisha kodi yako af fungua irb, pale unapoandika Ruby mstari kwa mstari na kuona jibu papo hapo, andika load './simu.rb' na kisha hii, kwa mkono, usikopi:

a = Simu.new(80)
b = Simu.new(30)
a.tumia(5)
p a.chaji
p b.chaji

Kabla hujabonyeza enter kwenye kila mstari jiambie unategemea kuona nini. Utapata 75 na 30. Klasi ni moja, kodi ni moja, lakini kila simu ina chaji yake na ukiitumia hii ile haijui kitu. Ukikisia tofauti na kilichotokea simama hapohapo utafute sababu, hayo mazoezi yanafundisha kuliko kuangalia video tano mfululizo.

Sasa nikuonyeshe mtego mwingine maana utakutana nao wiki hiihii. Ukikosea herufi kwenye jina tupu unalolisoma Ruby inapiga kelele kwamba hailijui, lakini ukikosea kwenye jina lenye @, tuseme umeandika @chji, haisemi kitu, ukilisoma inakupa nil na ukiliwekea thamani inatengeneza jipya kimyakimya. Mi hili lilishanila jioni nzima. Ukihisi kuna kitu hakiko sawa andika a.instance_variables, itakutajia majina yote ya @ yaliyomo ndani ya objekti hiyo na ukiona @chaji na @chji wamekaa pamoja umeshampata mchawi.

Jaribu pia a.chaji = 5000. Inakubali! Simu gani hiyo ina chaji asilimia 5000? Ni kwa sababu attr_accessor inaruhusu yeyote kusoma na kubadilisha. Weka attr_reader badala yake, watu wasome tu, af kubadilisha wapitie kwenye methodi zako:

def jaza(kiasi)
  @chaji = [@chaji + kiasi, 100].min
end

Sasa hata mtu akijaza mara kumi haivuki 100. Ile ya kushuka chini ya sifuri nakuachia we mwenyewe uifanye kwenye tumia. Watu wengi wanaweka attr_accessor kila mahali kwa mazoea na mi sikubaliani nayo, klasi ambayo kila mtu anaingiza mkono ndani haina tofauti kubwa na hashi ya kawaida, ile orodha ya majina na thamani zake.

Tahadhari moja ya irb. Ukishabadilisha faili lazima uite load tena, na ukiita hivo Ruby haifuti klasi ya zamani, inaifungua na kuongezea juu yake. Kwa hiyo ukiondoa attr_accessor ukaweka attr_reader, ndani ya irb ileile a.chaji = 5000 itaendelea kukubali na utadhani umekosea. Toka kwa exit, ingia upya, ndo ujaribu.

Na la faili tupu, usianze na klasi. Anza na mistari ya kuitumia, ile ya a = Simu.new(80) na wenzake, iandike peke yake kwenye faili na uirun kabla hujaandika kitu kingine. Ruby itasema haimjui Simu, haya mwandikie class Simu na end, basi, run tena. Italalamika umeipa kitu kimoja wakati haitegemei kitu, ndo inakudai initialize hiyo. Run tena, haijui tumia, iandike. Kila kosa linakwambia kipande kinachofuata na kichwa hakipati nafasi ya kuwa cheupe, ukimaliza Simu fanya hivohivo na Tochi, na Kitabu chenye kurasa ulizosoma, vitu vidogo unavyovijua tabia zake.

SWALI: Methodi yangu ya jumla inaonyesha jibu sahihi kwenye skrini lakini nikitaka kulizidisha kwa 2 inaniambia nil. Jibu nimeliona kwa macho yangu jamani, limeenda wapi?

JIBU: Bila shaka mstari wako wa mwisho ni puts. Methodi ya Ruby inarudisha thamani ya mstari uliofanyika mwisho, na puts kazi yake ni kuonyesha, yenyewe inarudisha nil. Toa puts humo ndani, acha hesabu iwe mstari wa mwisho, halafu aliyeita methodi ndo aandike puts kama anataka kuona. Na ukiwa unatafuta kosa tumia p, siyo puts, maana puts nil inaonyesha mstari mtupu na unaweza usijue kuna nil, wakati p nil inakuandikia nil waziwazi.

SWALI: Rafiki yangu anasema niruke haya ya klasi niende Rails, ile zana ya kujengea tovuti kwa Ruby, moja kwa moja, na mwingine anasema Ruby imeshakufa. Nifanyeje?

JIBU: Haijafa, Matsumoto aliyeiunda aliitoa kwa umma 1995 na mpaka leo inapata matoleo mapya, lile la 3.4 lilitoka 25 Desemba 2024. Rails ilikuja 2004, ni nzuri na utaifika, lakini fungua programu yoyote ya Rails ya sa hivi utakuta mistari kama class Mteja < ApplicationRecord, hiyo ni klasi inayorithi klasi nyingine, na kama hujui < inafanya nini utakuwa unakopi bila kuelewa na siku ikikataa huna pa kushika. Jipe wiki tatu za irb. Andika SimuJanja < Simu, ipe initialize yake yenye kitu cha ziada, uite super ili ile initialize ya Simu nayo ifanye kazi, af andika SimuJanja.ancestors uone ukoo wake wote mpaka BasicObject. Ukiweza kunieleza kila jina kwenye hiyo orodha limefikaje hapo, nenda Rails kesho yake.