Farasi mchanga akikataa tandiko: anza na mkanda kwanza

Ndugu yangu wa Usa River, pole sana. Umesema jike lako la miaka miwili na nusu alisimama kimya mlipomtwika tandiko, mkafunga mkanda wa tumbo, na alipopiga hatua ya tatu akaanza kuruka na kurusha mateke, tandiko likazungukia tumboni, akavunja uzio. Sasa hataki hata kitambaa kimsogelee mgongoni, na jirani anakushauri umfunge kwenye nguzo na tandiko lake mchana kutwa mpaka achoke. Nakuomba usifanye hivyo. Farasi akiogopa huku amefungwa pasipoachia, huvuta kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Anaweza kuumia shingo au kuanguka chali.

Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka 19, kwanza Molo, sasa Timau, na yaliyokukuta yalinikuta mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na dume mpole sana, nikamfunga mkanda ukiwa umelegea nikidhani namhurumia. Alipojitikisa, tandiko likateleza likaning'inia chini ya tumbo, naye akakimbia huku akilipiga mateke mpaka likachanika. Hakuumia, lakini ilinichukua karibu miezi minne kumrudisha pale tulipokuwa asubuhi ile. Ndipo nilipoelewa kwamba uzito wa tandiko haumsumbui farasi hata kidogo. Kinachomtisha ni kubanwa. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na kitu kinachomkamata mbavu kisha hakimwachii hata akikimbia, mwili wake unakichukulia kama simba.

Kwa hiyo tandiko liweke kando kabisa, ila lisifichwe. Litundike juu ya ubao karibu na anapolia nyasi, aje alinuse kwa hiari yake. Anza upya na gunia tupu la mkonge. Mwenzako ashike kamba, msimfunge popote. Msugue gunia shingoni, mabegani, mgongoni, chini ya tumbo, kisha uhamie upande wa pili na kuanza upya kama hujawahi kumgusa. Macho yake yako pande mbili za kichwa, na alichokizoea kwa jicho la kushoto kinaweza kumshtua kikitokea kulia. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Ondoa gunia akiwa ametulia, usiliondoe akiwa anakwepa, maana atajifunza kuwa kukwepa kunasaidia.

Baada ya gunia ndipo uje mkanda peke yake, ule mpana usio na tandiko, pamoja na kamba ya kifuani ili usirudi nyuma kiunoni. Hapa usiwe na haraka. Kabla ya kufunga kishikizo, upitishe chini ya kifua, ushike ncha zote mbili kwa mikono, uvute kidogo, uachie. Vuta, achia. Mtazame usoni. Akishikilia pumzi, mkia ukabanwa matakoni na sikio likakuelekea wewe bila kucheza, bado. Akishusha kichwa, akalamba midomo na kupumua kwa kishindo puani, sasa funga. Funga kiasi cha kutoteleza tangu mara ya kwanza, kisha mtembeze hatua mbili tatu, umgeuze kushoto na kulia, ndipo uongeze tundu moja. Farasi wengi hujaza pumzi wakifungwa na kusimama kama mti, mwenye farasi akafurahi akidhani amekubali. Hatua ya kwanza ndiyo itakayokuambia ukweli, na jike lako alikuonyesha hivyo hivyo.

Akitembea na kukimbia polepole na mkanda siku kadhaa bila kukunja mgongo, weka tandiko jepesi bila vikuku, yaani vile vyuma vya kuwekea miguu. Vikuku huja mwisho, kwanza vikiwa vimefungwa juu, baadaye vikining'inia ili azoee kugongwa mbavuni.

Lijamu, chuma cha mdomoni cha kumwongozea farasi, ni somo la peke yake, lisichanganywe na tandiko siku moja. Kwanza daktari wa mifugo amwangalie mdomo, kwa sababu wengine huwa na vijino vidogo mbele ya magego ambavyo chuma kikigonga huumiza, na katika umri huu meno ya utoto yanang'oka. Asubuhi za Timau ni baridi, basi nalikumbatia lijamu viganjani mpaka lipate joto, nalipaka sukari guru, kisha naingiza kidole gumba pembeni ya mdomo pale pasipo na jino. Anafungua mwenyewe. Usimgongeshe meno kamwe, atakunyima kichwa miaka yote.

Na usimpande bado. Mifupa ya uti wa mgongo ndiyo hukomaa mwisho, baada ya miaka mitano. Kuvaa matandiko sasa ni sawa, kubeba mtu mzima kusubiri.

Umetaja pia kwamba mkanda ulimchubua nyuma ya kiwiko cha mbele upande wa kulia. Kidonda kipone kabisa kabla hata ya gunia kufika hapo. Kikipona, pitisha kiganja chako pale kila siku, kisha uniandikie anafanya nini na sikio lake la kulia.