Kabla ya kufungua gemu jipya, angalia bando lako

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Pangani, akaniomba gemu la mpira. Nikatazama Google Play, limeandikwa megabaiti 90 na kitu. Nikaona si nyingi, nikaliweka, nikamwachia simu na kwenda Ngamiani mara moja. Narudi, bando la wiki limekwisha.

"Mjomba, hata mechi moja sijacheza. Lilikuwa linapakua tu," akaniambia, machozi yanamlengalenga.

Mimi nauza machungwa ya Muheza kwa jumla na wateja wangu wote wako kwenye simu. Siku ile oda mbili zilinipita. Iliniuma, ndipo nikaamua kulielewa jambo hili.

Kile unachopakua dukani mara nyingi ni mwanzo tu wa programu. Google waliweka kikomo cha ukubwa wa faili la programu: megabaiti 50, halafu 100 kuanzia mwaka 2015. Viwanja, sura za wachezaji na sauti za watangazaji haviwezi kuenea humo. Ndiyo maana tangu 2012 watengenezaji waliruhusiwa kuongeza mafaili mawili ya pembeni, kila moja hadi gigabaiti 2. Taratibu zimebadilika tangu hapo, lakini mzigo mkubwa bado huja nyuma. Wengine huuleta kutoka kwenye seva zao wenyewe, yaani kompyuta zao za mtandaoni, gemu likishafunguliwa.

Tena si kila simu inahitaji kila kitu. Kwa nini ubebe utangazaji wa lugha kumi wakati unasikiliza mmoja? Programu za kutafsiri hufanya hivyo hivyo: unachukua lugha unayoitaka. Na jezi za msimu mpya zikitoka, zinaletwa peke yake bila kukupakulisha gemu zima upya.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoponzwa. Nilikuwa nimeweka Google Play ipakue kwa Wi-Fi pekee, nikajiona salama. Mpangilio ule unahusu kile kinachopakuliwa na duka tu. Gemu likishafunguka linapakua lenyewe, na data ya simu ikiwa imewashwa linaitumia hiyo. Kwa hiyo zima data kabla ya kulifungua mara ya kwanza, uunge Wi-Fi ya mtu unayemwamini, au usubiri bando la usiku kama mtandao wako unalo. Magemu mengi huuliza kwanza na kutaja ukubwa, ila mtoto mwenye hamu atabonyeza "Sawa" bila kusoma. Mpwa wangu sasa akiona neno megabaiti ananiita.

Nafasi nayo iangalie. Gemu la megabaiti 90 linaweza kukaa kwenye simu kwa zaidi ya gigabaiti moja; ukubwa wake halisi utauona kwenye Mipangilio, sehemu ya programu. Likianza kusuasua, futa kashe kwanza, yaani mafaili ya muda ambayo gemu hujiwekea. Ukifuta data ya gemu, yaani mafaili yake yaliyohifadhiwa kwenye simu, huenda ukaupakua mzigo wote upya, na bando jingine likaenda.