Corolla 110: taa zinafifia na usukani unatetemeka, nianze wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, manyuo. Nilishusha giaboksi kubadilisha klachi, tangu hapo usiku nikipiga indiketa taa kubwa zinafifia zinarudi, zinafifia zinarudi, na asubuhi stata inazunguka kwa uzito. Nimeshanunua betri mpya, sasa naambiwa alteneta. Halafu ikifika 80 usukani unatetemeka, nikivuka 110 unatulia, nikikanyaga breki hauzidi. Alaimenti nimepiga mara mbili, hamna kitu. Tatizo nini?

JIBU: Salama kaka. Kwanza hiyo alteneta usinunue. Umeshalitaja jambo lenyewe na ukalipita haraka, kwamba yote yalianza baada ya kushusha giaboksi, sasa mimi huwa naanzia hapo hapo: ile siku kilifunguliwa nini na kilirudishwaje.

Kwenye gari yako waya wa eathi, yaani njia ya umeme kurudi betri upande wa hasi, unatoka betri unaenda bodi na unaenda kwenye giaboksi, na stata yenyewe imefungwa kwenye giaboksi hiyo hiyo. Fundi akishusha giaboksi lazima aufungue huo waya, alafu wakati wa kurudisha either anausahau unaning'inia, au anaufunga juu ya kutu na oili, au bolti inabaki legevu. Umeme unaotoka betri lazima urudi betri, ukikosa njia yake nene utatafuta vichochoro, na kichochoro kimojawapo ni waya wa eksileta, ule wa chuma unaovutwa na pedali ya mafuta. Washa stata mara mbili tatu asubuhi alafu ushike huo waya wa eksileta pale juu ya injini, ukiukuta wa moto eathi ya injini haipo. Nimeona mpaka umekwama kwa sababu plastiki ya ndani imeyeyuka.

Ila usiende kwa kubahatisha, chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye volti za DC, 20. Chomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa mafuta, ili gari isiwake. Waya mweusi wa mita uguse kichwa chenyewe cha betri upande wa hasi, sio ile temino inayokibana, mwekundu uguse chuma kisafi cha injini, alafu mtu apige stata. Mita ikisoma chini ya volti 0.2 eathi iko vizuri, ikivuka 0.5 una tatizo na umelipata bila kununua chochote. Rudisha fyuzi, alafu rudia kwa bodi: mwekundu kwenye chuma cha bodi, injini ikiwa inawaka, taa kubwa na feni ya ndani ukiwa umewasha, hapo napenda kuona isizidi 0.1 hivi. Huna mita? Azima waya wa kubusti, funga mmoja tu kutoka hasi ya betri mpaka kwenye chuma cha injini, stata ikichangamka ghafla jibu unalo.

Kurekebisha ni fungua hasi ya betri kwanza, fungua hiyo bolti, piga msasa waya na sehemu inapokaa mpaka chuma king'ae, kaza, ndio upake grisi kwa juu. Waya ukiwa na kijani kwa ndani badilisha, usihangaike nao. Alteneta tunaipima baadaye: gari ikiwaka, kwenye betri ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5 ni nzima, huyo anayekuuzia nyingine muache.

Tukija kwenye mtetemo, nakuomba uachane na alaimenti. Alaimenti ikiharibika gari linavuta upande au tairi inalika upande mmoja, kutetemeka ni habari nyingine. Mtetemo unaokuja 80 na kuondoka 110, uko kwenye usukani na sio kwenye siti, hauzidi ukifunga breki, huo ni wa magurudumu ya mbele, na ili giaboksi ishuke lazima zichomolewe draivu shafti, zile shafti zinazopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka magurudumu, kwa hiyo yale magurudumu yalitolewa. Diski tungeilaumu kama ungetetemeka kwenye breki. Jointi ya ndani ya draivu shafti tungeilaumu kama inatetemeka ukikanyaga mafuta na inatulia ukiachia, hiyo nayo ijaribu njiani maana na yenyewe iliguswa.

Toa gurudumu uangalie habu pale rimu inapokaa. Mara nyingi kuna kutu na udongo mkavu umeganda, rimu inakaa imepinda kidogo tu na kidogo hicho kwa 80 unakisikia mkononi. Safisha kwa brashi ya waya. Kama umefunga rimu za spoti angalia tundu la katikati, habu ya Corolla ni milimita 54.1, rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi inahitaji ringi ya kujaza, na nati ziwe za rimu hizo, za koni na za bapa haziingiliani. Kaza kwa msalaba, yaani nati moja kisha ya mkabala wake, gari likiwa bado halijabeba uzito wote, kipimo ni 103 Nm. Alafu ndio ubalansi, na udongo wa ndani ya rimu uoshwe kabla, maana ukibalansi na udongo ukija kudondoka unarudi pale pale.

Bado inatetemeka? Hamishia magurudumu ya mbele nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye siti, ni tairi au rimu. Ukibaki kwenye usukani shika gurudumu likiwa juu, gari liko kwenye stendi sio jeki tupu, litikise juu na chini kisha kushoto na kulia, ukisikia mchezo tafuta bol joint, tai rodi au beringi.

Na nati zikazwe tena ukishatembea kama kilomita 100.