"Nisaidie na chai" au "Naomba chai"?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Juzi nilikuwa kibandani Muthurwa na binamu yangu aliyetoka Tanga kunitembelea. Nikamwambia mhudumu, "Nisaidie na chai na chapati mbili." Binamu akaniuliza huo ni msaada gani, na chai tunailipia? Yeye akasema, "Dada, naomba chai." Mimi nikaona kama anaombaomba, ilhali pesa anazo mfukoni. Nani kati yetu ndiye mwenye adabu? Halafu, nikimkanyaga mtu kwenye matatu, nimwambie "pole" au "samahani"? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Sijambo, ahsante. Adabu mnayo nyote wawili, na hilo nataka lieleweke kabla sijagusa sarufi. Ulipoacha kusema "Lete chai" ukatafuta neno la kulainisha, ulikuwa unamheshimu dada yule. Ila binamu yako ndiye aliyelisema jambo hilo kwa Kiswahili kilichonyooka.

Kasoro ya "nisaidie na chai" haiko kwenye *saidia*. Iko kwenye ile *na*. Kitenzi *saidia* hufuatwa na kitenzi kingine, "nisaidie kubeba", au na kitu chenyewe moja kwa moja, "nisaidie kalamu yako". Ukitaka kutaja kilichotumika kusaidia, kuna *kwa*: "alinisaidia kwa pesa za karo". *Na* ina kazi nyingine. Hujumlisha, kama chai na chapati, au humtaja mtendaji, kama "nilisaidiwa na jirani". Kwa hiyo mtu wa Tanga akisikia "nisaidie na chai" hubaki akingoja hiyo *na* imuunganishie nini na nini. Muundo huo tumeuchukua kwa Kiingereza, tukauvika maneno yetu, na sasa umeenea Nairobi kutoka ofisini hadi kwa muuza mboga.

Nimelelewa Majengo, Pumwani. Chumvi ilipoisha nyumbani nilitumwa kwa jirani, na ujumbe nilifundishwa mlangoni kabla sijatoka: piga hodi, ngoja ukaribishwe, toa shikamoo, kisha useme, "Mama anasema umsaidie chumvi kidogo." Hatukusema "umsaidie *na* chumvi". Tena *saidia* lilikuwa mahali pake pale, kwa sababu chumvi ile hailipiwi. Jirani anakutoa kwenye shida. Hata binamu yako, nina hakika, akitafuta simu ya mtu husema "nisaidie namba yake". Alichokishangaa ni mambo mawili kwa pamoja: *na* isiyo na kazi, na msaada mahali penye biashara.

Sasa tuje kwenye *omba*, maana hapa ndipo penye dhana ninayotamani sana ituondoke sisi wa Nairobi. Tumelifungia neno hili kanisani, msikitini na kwa maskini aliyekaa kando ya barabara. Lakini aibu unayoisikia haitoki kwenye *omba*. Inatoka kwenye kurudiarudia: *ombaomba*. Kiswahili kikirudia shina mara nyingi huonyesha tendo lisilokoma au lisilo na mpango, kama *lialia* na *tangatanga*. Omba mara moja, kwa wakati wake, ni ombi tu.

Tena huombi tu kile usicho na haki nacho. Abiria husema, "Konda, naomba chenji yangu," na chenji ni yake. Mtu aliyekaa dirishani husema, "Naomba kupita," na njia ni ya wote. Nenda hata Bungeni, hapo hapo Nairobi: mbunge anayechangia kwa Kiswahili humalizia, "Naomba kuunga mkono." Kura ni yake, na haki ya kusema amepewa na Kanuni za Kudumu, lakini bado anaomba. Hakuna anayemwona amejishusha. *Naomba* humwachia mwenzako nafasi ya kuamua, hata pale ambapo nyote mnajua jibu ni ndiyo. Ndiyo maana mhudumu wa Muthurwa hakumwona binamu yako kama mhitaji. Alimsikia mteja aliyemtambua kuwa ni mtu.

Na neno si hilo peke yake. Upole wa Kiswahili umekaa zaidi ndani ya kitenzi kuliko katika maneno ya kupachika pembeni. Sikiliza: "Lete chai" ni amri tupu. "Niletee chai" ni amri bado, lakini ina mtu ndani yake, na kibandani haimkeri yeyote ikisemwa kwa sauti nzuri. "Uniletee chai" imeshalainika; ile *u-* ya mwanzo inaigeuza amri kuwa matakwa. "Naomba uniletee chai" imefika. "Nataka chai" inaeleweka, lakini mimi humwachia mtoto mdogo na mgonjwa. "Ningependa" ni safi kwenye barua na kwenye mkutano. Mbele ya sufuria ya maharagwe husikika imevaa tai.

Usishangae kwamba sijaitaja *tafadhali*. Ni neno zuri, ndugu moja na *fadhili* na *fadhila*, na ukimwambia mtu tafadhali unamwomba akutendee hisani. Lakini wengi wetu tunaliona kama sukari ya kunyunyizia juu ya amri yoyote, na halifanyi kazi hiyo kila mara. "Nipe risiti, tafadhali," ikisemwa kwa uso uliokunjwa, ni ukali. Likisimama peke yake, kwa sauti ya kushuka, "Tafadhali!", huwa ni onyo kabisa, mzee akikwambia hivyo kwenye foleni, jua umevuka mpaka. Kilichomtuliza dada wa kibandani kabla ya *naomba* ni lile neno *dada*. Wewe ulianza na haja yako. Binamu alianza na mtu. Kwa mkubwa kuliko wewe ungesema *mama* au *mzee*, kwa rika lako *kaka* au *dada*, na salamu fupi mbele yake haichukui hata nusu dakika. Ule mtindo wa kumwita mhudumu kwa "sss!" au kwa "We!" naomba tuuache.

Kuhusu mguu wa watu kwenye matatu: anza na *samahani*. *Pole* humpa mtu faraja kwa lililompata, liwe limetoka kwako au la. Tunamwambia aliyefiwa, aliyenyeshewa na aliyetoka kazini amechoka. Haikiri kosa. Ukinikanyaga kisha ukasema "pole" tu, umenihurumia kama mpita njia. Najua Nairobi *pole* imekuwa ikitumika kwa yote mawili, na mtu mgeni akiniambia hivyo naipokea kwa moyo mweupe. Lakini aliyenimwagia uji nguo ya kazi ningependa aseme, "Samahani, dada, pole sana," kwa mpangilio huo: kosa kwanza, kisha maumivu yangu. Watu wa pwani watakwambia pia "kumradhi" au "niwie radhi", na yote mawili yanafaa kabisa Nairobi.

Ukiwa wewe ndiye uliyekanyagwa, *samahani* hujibiwa "bila samahani" au "usijali", na *pole* hujibiwa "ahsante" au, kama wafanyavyo watu wengi wa Tanga, "nimeshapoa". Mwulize binamu yako, bado yupo kwako.