Vipimo vya boksi kwa anayeanza kushona

Futikamba ya plastiki ikivutwa kila siku na kushinda kwenye joto hili la Dar, inarefuka. Kwa hiyo nunua rula moja ya chuma iwe mama wa vipimo vyote, vingine tengeneza mwenyewe kwa boksi. Kama bado hujapata rula, chukua karatasi ya A4: upana wake ni sentimita 21, urefu sentimita 29.7. Ilaze futikamba juu yake uone kama inasema kweli.

Malighafi haina gharama. Kariakoo, jora la kitambaa likiisha, mara nyingi ndani hubaki boksi gumu ambalo muuzaji analitupa. Muombe vizuri, atakupa. Kwa vifaa vyembamba tumia manila.

Kipimo cha pindo ndicho nakishika kila siku. Ni kipande cha manila chenye mistari ya nusu inchi, inchi 1 na inchi 1 na nusu. Unakunja kitambaa juu yake mpaka kwenye mstari, unapiga pasi hapo hapo, pindo linatoka sawa mzunguko mzima bila kupima upya kila hatua.

Lakini kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kukatia solo, yaani sketi ya duara. Wengi hufunga chaki kwenye uzi, na uzi unavutika, duara linapinda. Kata ukanda wa manila wa upana wa inchi 1. Toboa tundu la pini mwanzoni, halafu toboa matundu ya penseli kwa viuno unavyovishona mara kwa mara. Hesabu yake: kiuno gawa kwa 6.28. Kiuno cha inchi 28 kinakupa karibu inchi 4 na nusu kutoka kwenye pini. Hapo ndipo wanaoanza wanapokwama, kwa sababu wakishashona kiuno kinakuwa kipana. Toa kwanza upana wa mshono! Ukishonea nusu inchi, tundu lako liwe inchi 4. Pini inakaa kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa nusu, kisha nusu tena, penseli inazunguka. Tundu la urefu wa sketi unalipima kuanzia tundu la kiuno, si kuanzia kwenye pini.

Kona ya mraba ni rahisi: kunja karatasi yoyote, kisha ikunje tena ukilaza ule mkunjo juu yake wenyewe. Ichore kwenye boksi, ukate. Mviringo wa kwapa chukua kwenye blauzi inayokukaa vizuri.

Masika boksi linanyonya unyevu na kujikunja, hivyo lizungushie selotepu pande zote. Andika inchi zake kwa kalamu nene, toboa, tundika msumarini karibu na cherehani. Kingo zikichakaa usizichonge kwa mkasi, maana kila ukichonga kipimo kinapungua. Kata kingine.