Nusu fainali tatu, bomu moja na mzee mwenye soseji: jinsi ya kuandika historia ya timu yako ya mtaani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nataka kuandika historia ya timu yetu ya mtaani, ile aliyochezea babu. Haijawahi kubeba kombe lolote la maana. Nianzie wapi, na nani atasoma?" Nilimjibu mistari miwili nikiwa kwenye treni, halafu nikaona haya. Jibu lenyewe ni refu na sehemu yake inaniuma mpaka leo, kwa hiyo nalileta hapa, maana najua si yeye peke yake mwenye ndoto hiyo.

Timu yangu ya mtaani ni Altona 93. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Hamburg, na naishi upande wa magharibi wa jiji, karibu na uwanja wao. Waswahili wengi wa hapa ni mashabiki wa HSV au St. Pauli, klabu kubwa za jiji, na mechi zikiisha wanarudi kwenye simu kuwabishania Simba na Yanga. Mimi nilianza kwenda Altona kwa sababu ya bei ya tiketi, sitawadanganya. Altona ni timu ya ridhaa. Mchezaji anamaliza kazi yake, anabeba begi, anakuja mazoezini. Uwanja una jukwaa moja lenye paa, na kwingine unasimama kwenye ngazi za zamani ambazo majani yameota katikati yake. Ukichelewa unasimama nyuma ya mtu mrefu, na Wajerumani warefu hawaishi.

Miaka sita iliyopita nikaamua kuiandika timu hiyo kwa Kiswahili. Nilikuwa nimesoma jambo lililonitoa usingizi: fainali ya kwanza kabisa ya ubingwa wa Ujerumani ilichezwa hapahapa kwetu, tarehe 31 Mei 1903, kwenye uwanja wa kwata wa jeshi ulioitwa Exerzierweide. Si Munich, si Berlin. VfB Leipzig waliwafunga DFC Prag, timu ya Wajerumani wa Prague, mabao 7-2, na mwamuzi alikuwa Franz Behr, mtu wa Altona 93. Mechi ilichelewa kuanza kwa sababu mpira uliokuwepo haukufaa, ikabidi usakwe mwingine. Fainali ya taifa zima inasubiri mpira! Nani kati yetu aliyecheza mchangani asiyeijua hali hiyo?

Na DFC Prag walifikaje fainali? Walitakiwa kucheza na Karlsruher FV. Karlsruhe wakapokea simu ya maandishi kwamba mechi imeahirishwa, wakabaki nyumbani, kumbe simu ilikuwa ya uongo. Prag wakapita bila kutoa jasho. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi. Fitina za nje ya uwanja hatukuzianzisha sisi.

Basi nikaandika. Kurasa nne, moto mtupu. Nikaitafsiri kwa Kijerumani changu nilichojifunzia ghalani kazini, nikachapisha nakala ishirini na kwenda nazo uwanjani nikijiona mwandishi. Mzee mmoja aliyekuwa akila soseji akachukua nakala yake, akasoma sentensi ya kwanza, akasimama hapohapo. Nilikuwa nimeandika: "Fainali ya kwanza ya Ujerumani ilichezwa Hamburg."

"Kijana," akasema, "mwaka 1903 Altona haikuwa Hamburg." Kisha akanyoosha ile soseji kuelekea mashariki. "Hamburg ilikuwa kule."

Waliosimama karibu wakacheka. Mimi nikacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Nilipofika nyumbani nikachimba, na mzee alikuwa sahihi. Altona ulikuwa mji unaojitegemea. Mpaka 1864 ulikuwa chini ya mfalme wa Denmark, baadaye ukawa wa Prussia, na ukaunganishwa na Hamburg mwaka 1937 wakati wa utawala wa Hitler. Nilichoandika ni sawa na mtu kuandika kwamba mwaka 1950 Zanzibar ilikuwa Tanzania. Hebu mwambie hivyo mzee wa Kizanzibari uone.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu wa Morogoro: waulize wazee kabla hujachapisha. Mimi niliwauliza baada ya kuchapisha, nikalipa kwa aibu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na chaguo mbili: kubaki nyumbani au kumtafuta yule mzee. Nilimtafuta, nikamnunulia soseji. Tangu siku hiyo amekuwa mwalimu wangu, japo hajawahi kunisifia hata mara moja. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba timu ilianza mwaka 1893 kama klabu ya kriketi ya vijana, mpira wa miguu ukaja baadaye kidogo ukameza kila kitu, na kwamba shirikisho la soka la Ujerumani lilipoanzishwa Leipzig tarehe 28 Januari 1900, Altona walikuwa miongoni mwa klabu 86 zilizoliunda. Timu ninayoitazama kwa bei ya chakula cha mchana ni mmoja wa wazazi wa soka la nchi hii!

Na yeye ndiye aliyenielekeza kwa Adolf Jäger. Hilo ndilo jina la uwanja, Adolf-Jäger-Kampfbahn, na nilikuwa nimelipita kila wiki bila kujiuliza. Jäger alizaliwa 1889, akawa mshambuliaji wa Altona, akaichezea timu ya taifa mechi 18 kati ya 1908 na 1924 na kufunga mabao 11. Novemba 1944, katikati ya vita, aliuawa na bomu lililolipuka wakati likiteguliwa kandokando ya mto Elbe, mjini kwake. Uwanja ulipewa jina lake mwaka huohuo. Kwenye rasimu yangu ya pili nilikuwa nimeandika kwamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Jäger alikuwa anafanya mazoezi "katika Adolf-Jäger-Kampfbahn". Mzee hakusema neno. Alichomoa kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa: 1944.

Unaona? Waulize wazee.

Sasa niseme la vipigo, maana ndilo linalomhangaisha huyu kijana. Altona 93 hawajawahi kuwa mabingwa wa Ujerumani. Lakini mwaka 1903 walifika nusu fainali wakafungwa 6-3 na VfB Leipzig, na Leipzig wakachukua ubingwa. Mwaka 1955 wakafika nusu fainali ya Kombe la Ujerumani, wakatolewa na Karlsruher SC, na Karlsruhe wakabeba kombe. Mwaka 1964 wakafika tena, wakawabana klabu ya 1860 München (hiyo 1860 ni sehemu ya jina lake) mpaka muda wa nyongeza, wakafungwa 4-1, na München hao wakabeba kombe. Mara tatu aliyewatoa ni bingwa mtarajiwa! Hili nililigundua mwenyewe usiku mmoja nikiwa na daftari na chai iliyopoa, na naomba mniruhusu kujivunia. Kama ningetafuta makombe tu, nisingeliona.

Vipigo huwa na kumbukumbu kali kuliko ushindi. Mtu aliyekosa penalti mwaka 1987 atakueleza nyasi zilivyokuwa. Usiogope kuandika mlivyofungwa. Usifiche hata kimoja.

Nilichoandika hatimaye kilitoka kwenye tovuti moja, siitaji. Baada ya miezi nikakikuta mahali pengine neno kwa neno, mpaka ule mfano wangu wa Zanzibar, chini ya jina la mtu mwingine. Niliandika barua pepe tatu. Jibu moja lilikuja: "Asante kwa maoni yako." Ndugu zangu, nilifanya kazi ile usiku baada ya zamu, mgongo unauma, macho mekundu. Tuna tabia mbaya sisi watu wa mtandaoni ya kuona maandishi ya mwenzio kama embe lililodondoka barabarani. Muulize mwenye mti! Mwandike jina lake! Watoto wetu tunawafundisha wasiibe kalamu ya jirani darasani, halafu sisi tunaiba usiku mzima wa mtu. Nimesamehe, lakini sijasahau, na anayehusika akisoma hapa ajue tovuti aliyoichukulia bado ipo na tarehe zake.

Turudi kwenye mpira. Mdogo wangu umeniuliza nani atasoma. Jonathan Tah wa timu ya taifa ya Ujerumani alicheza Altona 93 utotoni. Choupo-Moting wa Cameroon, mzaliwa wa hapahapa Altona, alipita pia kwenye timu zake za watoto. Kuna baba na mama waliosimama kwenye yale majani wakiwashangilia watoto wa miaka saba bila kujua wanamtazama nani. Kwenye mchanga wa Morogoro jioni hii yupo mtoto wa namna hiyo, na siku moja mtu atatafuta alipoanzia. Andika sasa, wazee wakiwa hai. Chukua daftari, nenda kwa mweka hazina wa zamani, omba kuona kadi za wanachama na picha zilizoko chini ya kitanda. Na waulize wazee, nimeshasema.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kesho. Jumamosi iliyopita nilimpelekea mzee wangu toleo jipya, kurasa kumi na nne, nusu fainali zangu tatu zikiwa na sura yake yenyewe. Alilisoma lote wakati wa mapumziko, kofia magotini, kalamu mkononi, na kalamu haikugusa karatasi. Nikaanza kuvimba kichwa. Akafunga ukurasa wa mwisho, akanitazama.

"Na 1909?"

Nikajifanya sijasikia. Mwaka 1909 Altona walifika nusu fainali ya ubingwa tena, wakafungwa 7-0 na Viktoria ya Berlin, na Viktoria wakaenda kupoteza fainali kwa Phönix Karlsruhe. Nilikuwa naijua vizuri. Ilikuwa inaharibu hesabu yangu ya waliofungwa na mabingwa, nikairuka.

"Saba," akasema mzee, akihesabu kwa vidole vyenye haradali. "Umeziweka wapi zile saba?"

Sura hiyo naiandika usiku huu.